Binti yangu analipia kuwa mweusi, mimi nililipia kuwa mweupe

BARUA

Shikamoo Somo,

Nakuandikia nikiwa jikoni, saa tano usiku, wenzangu wamelala. Nina miaka 46, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 20 niko Bremen, Ujerumani. Mume wangu ni wa huku huku kaskazini, wale wenye nywele za rangi ya shaba ambao robo saa ya jua inatosha kuwageuza kamba wa kuchemshwa. Tuna mtoto mmoja, binti, aliyetimiza miaka 18 mwezi wa nane.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafua. Huwa napekua mifuko kwanza, maana karatasi moja ya pua ikiingia kwenye mashine, nguo zote zinatoka na manyoya meupe. Kwenye suruali yake ya jinzi nikatoa kadi ya solariamu. Kwa wasomaji wa nyumbani wasioijua: ni duka ambalo watu wanalipa kulala kwenye kitanda cha taa. Unavua nguo, unavaa vimiwani vidogo, unajilaza, mfuniko wenye taa unashuka juu yako kama vile unafungiwa sandukuni, na taa zinakuchoma taratibu mpaka ngozi igeuke rangi. Kadi ilikuwa ya mara 10, nne zimeshatobolewa.

Nilimngoja arudi. Sikupiga kelele, wallahi. Nikamwuliza hii nini, akanijibu, "Mama, nina miaka 18, walinidai kitambulisho nikawaonyesha." Halafu akanieleza. Desemba tunakwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yake, na hataki tena kuitwa mzungu. Miaka miwili iliyopita watoto wa mtaa walimfuata kila anapokwenda, "Mzungu! Mzungu!", mpaka uani kwa bibi yake. Mimi nilicheka, nikaona utani wa watoto tu. Kumbe mwenzangu usiku alikuwa analia. Safari ile ile alikaa ufukweni Pangani kutwa nzima ili apate rangi, akaambulia mabega yaliyobabuka, ngozi ikachunika kama ya ndizi mbivu. Nilimpaka mtindi siku tatu. Sasa anasema ameamua kuanza mapema, kidogo kidogo, ili afike akiwa tayari.

Nikamwambia atapata saratani. Akacheka. Akasema yeye ana damu ya Kiafrika, si kama baba yake. Akasema akiwa na rangi kabla ya safari, jua la Tanga halitamuunguza tena. Akanikumbusha kwamba daktari aliniambia mimi mwenyewe nina upungufu wa vitamini D kila majira ya baridi, basi taa ndiyo dawa yake. Somo, mtoto alikuwa amejiandaa kama wakili.

Nikaona niachane na mambo ya daktari, nikamwambia, "Ngozi aliyokupa Mungu inakutosha, kwa nini uibadilishe?" Akanitazama. Akasema, "Wewe ulitaka kuwa mweupe. Mimi nataka kuwa kama wewe. Tofauti iko wapi?"

Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Nilipokuwa na miaka 21 nilipata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Dar es Salaam. Wote pale mbele walikuwa weupe, au wamejifanya weupe. Kulikuwa na mama saluni aliyekuwa anachanganya mkorogo mwenyewe kwenye ndoo na kuupima kwa kikombe. Nilipaka miaka minne. Uso Fanta, miguu Coca, ule wimbo wote unaujua. Niliacha siku nilipokaribia jiko la mkaa, uso ukawaka kama umepakwa pilipili. Mpaka leo nina michirizi mapajani na ndani ya mikono, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kuliko mkono wenyewe. Mume wangu nilimwambia michirizi ni ya ujauzito na vidole ni mzio wa sabuni. Aliyemtobolea mwanangu siri ni mdogo wangu wa Tanga, kwa simu, pamoja na picha. Mdomo wake hauna komeo.

Tangu siku ile hatujazungumza tena jambo hilo. Mume wangu anasema ni mtu mzima, aachwe ajifunze. Mdogo wangu anasema aachwe apate rangi, atapendeza harusini. Kiswahili chake ni cha kuamkia tu, maana alipokuwa mdogo mwalimu wa chekechea alituambia tumsemeshe Kijerumani peke yake asije akachanganyikiwa, nasi tukakubali. Kwa hiyo hata kumpa simu bibi yake amkanye haisaidii.

Na juzi alitoka bafuni kajifunga taulo. Rangi imemkaa. Nitakwambia ambalo sijamwambia mtu: alipendeza. Alifanana na mama yangu. Moyo ulifurahi kabla akili haijafika. Lile doa jeusi alilo nalo nyuma ya bega tangu utoto niliona kama limekua, au ni taa tu ya bafu. Nikarudi chumbani nikajiona mnafiki.

Nimkataze? Ninyamaze? Nimweleze yote ya mkorogo, na baba yake asikie? Nitamkanyaje mtoto kwa jambo ambalo mimi nililifanya kinyumenyume?

Mama wa Mmoja, Bremen


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama kwenye sentensi uliyoipita mbio, ile ya doa la begani. Tuanzie hapo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja na hilo lisingoje. Doa lililotulia miaka mingi kisha likaanza kubadilika linataka kuonwa na daktari wa ngozi. Huangalia kama nusu moja hailingani na nyingine, kama kingo zimepinda-pinda, kama rangi ni zaidi ya moja, kama upana umepita milimita 6, na zaidi ya yote kama doa linabadilika. Mengi ya madoa hayo huonekana hayana neno. Lakini taa ya bafu haina cheti cha udaktari. Na jambo hili halihitaji ugomvi, wala halihitaji kutaja kadi. Chukueni miadi wote wawili. Wewe umeshapita miaka 35, na huko Ujerumani tangu 2008 bima ya umma hulipia uchunguzi wa ngozi ya mwili mzima kila baada ya miaka 2 kuanzia umri huo. Tangulia wewe kukaguliwa, naye afuate.

Mwambie daktari akutazame na nyayo, na chini ya kucha. Sisi wenye ngozi nyeusi tukipata melanoma, ile saratani kali ya ngozi, mara nyingi hujificha huko. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Hiyo ya miguuni hailetwi na jua, na sikutajii ili kukutisha. Nakutajia kwa sababu nyumba yenu inaonekana imeamini kwamba damu ya Kiafrika ni bima.

Sasa taa zenyewe. Mwaka 2009 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vitanda hivi katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa tumbaku na asbesto. Mwaka huo huo Ujerumani ikawafungia mlango walio chini ya miaka 18, ndiyo maana mwanao alidaiwa kitambulisho. Brazil haikuhangaika na vitambulisho, ilivipiga marufuku vyote mwaka ule ule, na Australia ikafuata, mpaka kufikia 2016 majimbo yote yalikuwa yamefunga biashara hiyo. Mwaka huo wa 2016 kamati ya wanasayansi ya Tume ya Ulaya ikasema hakuna kiwango cha miale hii ya vitandani kinachoweza kuitwa salama. Kwa hiyo ulipomwambia kuna hatari, hukusema uongo.

Ila ulisema "atapata saratani", na hapo ndipo alipokucheka. Mtoto wa miaka 18 aliyejiandaa kama wakili hushinda kesi kwa kulikamata neno moja lililozidi. Wakala ule uliona kwamba wanaoanza kutumia vitanda kabla ya miaka 35 hatari yao ya melanoma huongezeka kwa asilimia 75. Hesabu ya baadaye, ya 2012, ikaishusha hadi 59. Hiyo ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu alikuwa nayo, si kwamba watu 75 katika 100 wataugua. Na waliopimwa walikuwa hasa watu weupe wa Ulaya na Amerika. Ukimpa namba, mpe na maelezo yake. Atakuheshimu zaidi kuliko ukimtisha.

Kuna hesabu nyingine ambayo nadhani itamgusa binti wa Tanga zaidi ya asilimia. Sheria za Ulaya zinaruhusu kitanda kiwe na nguvu ya kuunguza ngozi inayolingana na jua la adhuhuri la ukanda wa Ikweta. Sasa mwulize bibi yake, saa sita mchana Tanga watu wako wapi? Mwembeni. Barazani. Mvuvi karudi zamani, mama wa samaki kajitanda kanga kichwani, hata mbuzi kasogea ukutani. Saa ile ile ambayo sisi tunaikimbia, yeye analipa euro alale ndani yake bila nguo.

Kuhusu damu: kinachokinga ni melanini, ile rangi asilia iliyomo ndani ya ngozi, na ngozi haiulizi babu alizaliwa wapi. Katika watoto wa mchanganyiko mmoja huchukua zaidi kwa mama na mwingine kwa baba. Wewe mwenyewe ulimpaka mtindi siku tatu, ngozi yake ilishawajibu pale Pangani. Nadhani mama kutoka Tanga anajua vizuri kuliko jirani zake wa Bremen nini hutokea Mwafrika asipokuwa na melanini. Tumekua na ndugu zetu wenye ualbino, tumewaona wenye vidonda vya midomo na masikio visivyopona. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua.

Rangi anayoipata kitandani ni ngozi inayojihami baada ya kujeruhiwa. Miale ya urujuanimno inaharibu vinasaba vya seli, seli zinatoa melanini kufunika kiini zisiumie zaidi. Kwa hiyo hoja yake ya "kuzoesha ngozi" ina chembe ya ukweli, ndogo sana: rangi hiyo hukinga kama losheni ya jua ya namba 3 au 4. Dukani kwao losheni ya 30 na 50 zimejaa rafu. Na vitamini D? Mwili huitengeneza kwa aina moja ya miale hiyo ya urujuanimno, iitwayo UVB, lakini vitanda vingi hutoa kwa wingi aina nyingine, UVA, ile inayopenya chini na kuleta makunyanzi kabla ya wakati. Upungufu wako wewe unatibika kwa matone au vidonge, na daktari aliyekupima ndiye atakayekwambia kiasi.

Nimemaliza ya hospitali. Tuje kwenye lile swali, maana nahisi ndilo lililokukalisha jikoni saa tano usiku.

"Tofauti iko wapi?" Umelichukua kama mashtaka. Mimi nililisoma nikasikia kitu kingine. Sentensi iliyotangulia ilikuwa, "Mimi nataka kuwa kama wewe." Ulipokuwa na miaka 21 ulitaka kufanana na wasichana wa mapokezi ambao leo hata majina yao pengine umeyasahau. Yeye anataka kufanana na mama yake. Sisemi hilo linaifanya taa iwe salama. Lakini je, una hakika kwamba alikuwa anakushitaki?

Na zipo tofauti za kweli, ukipenda kuzijua. Mkorogo wa ndooni huwa na haidrokwinoni, zebaki na steroidi kwa vipimo anavyovijua mchanganyaji, kama anavijua. Haidrokwinoni na zebaki huizuia ngozi isitengeneze melanini, na zebaki huishia kwenye figo. Steroidi huipunguza ngozi unene, ndipo inapochanika ile michirizi, na ndipo jiko la mkaa linapokuwa adui. Wewe ulikuwa unavua mwavuli. Yeye anajimwagia mvua ili mwavuli ufunguke. Mlikosea kwa kupishana njia, kama kuna kukosea. Mwenye saluni na mwenye solariamu walichukua pesa kwa furaha ile ile.

Unajiita mnafiki kwa sababu moyo ulifurahi kumwona kafanana na mama yako. Hapana, mwanangu. Miaka 18 umelea mtoto katika nchi ambayo watu wanakuuliza kama wewe ni yaya wake. Hukuniandikia hilo, lakini nimewasikia wengi walioko huko wakinieleza. Siku moja katoka bafuni ana sura ya bibi yake. Ulitaka moyo ufanyeje?

Tutazame njia ulizozitaja. Kumkataza unaweza, lakini sheria ya huko inampa ruhusa, baba yake kashamwachia, na kadi ina nafasi 6. Akiamua kuzimaliza kwa siri, utakuwa umepoteza na ile nafasi ya kujua. Kunyamaza nako kuna bei: ukimya wako baada ya swali lile, yeye anaweza kuusoma kama kukubali, au mbaya zaidi, kama kuona haya kwa ajili yake. Wapo mabinti wanaokubaliana na mama zao juu ya rangi ya kupaka, ile yenye DHA inayotia kahawia kwenye seli zilizokufa za juu ya ngozi na kutoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Haina miale ya taa. Ina harufu yake, inachafua shuka, haikingi jua vya kutosha, kwa hiyo losheni iko pale pale. Inaweza kumvusha harusini. Inaweza pia kumfundisha kwamba lililo muhimu ni rangi, na hilo sina hakika nalo.

Kumweleza ya mkorogo ndiko kuzito kuliko yote, kwa sababu hautakuwa unamweleza yeye peke yake. Siri iliyo nusu kwa mdogo wako, nusu kwa mwanao, itamfikia mumeo, swali ni kwa mdomo wa nani. Miaka 20 ya "mzio wa sabuni" si jambo dogo. Unamjua mumeo, mimi simjui. Kuna wanaume watakaocheka na kukukumbatia, na kuna watakaouliza ni nini kingine. Labda ungependa aisikie kwanza yeye, jioni moja mkiwa wawili, kabla haijafika mezani. Labda unaona si haki yake kuijua kabisa. Yote mawili nayaelewa. Ila ukiamua kumweleza binti, jaribu kutofanya hadithi iwe fimbo. Usiseme "ona yaliyonipata". Mwonyeshe vidole, mweleze yule msichana wa mapokezi alikuwa anawaza nini asubuhi akijitazama kwenye kioo. Yeye kioo hicho anakijua.

Bado neno moja, na hili unisamehe kama nimeingilia. Umeandika kwamba kilichomliza ni kuitwa mzungu. Wewe na yeye mmekubaliana kwamba aliitwa hivyo kwa ajili ya ngozi. Je, ni kweli? Tanga yetu ina Washihiri, Waarabu wenye asili ya Yemen, weupe kuliko mwanao, wanauza duka, wanatukana kwa Kiswahili, wanajua nani kamwoa nani, na sijasikia mtoto akiwakimbilia na "Mzungu!" Na namjua mtu mweusi ti aliyerudi kutoka ng'ambo na sanduku la magurudumu na Kiswahili cha kukwama, akaitwa mzungu mpaka siku anaondoka. Yule mwalimu wa chekechea aliwapa ushauri uliokuwa wa kawaida wakati ule, sikulaumu wewe wala mumeo. Lakini nawaza: binti afike Desemba na rangi yoyote ile, watoto wamfuate, ageuke awaambie, kwa lafudhi ya mama yake, "Mzungu babu yako, nenda kaniletee maji." Utani wa uani kwa bibi unajibiwa kwa utani. Yeye alilia kwa sababu hakuwa na la kujibu.

Kutoka sasa hadi Desemba kuna majuma ya kutosha kwa sentensi ishirini. Simu ya bibi, ambayo umesema haisaidii kumkanya, huenda ikafaa kwa kazi hiyo nyingine. Atakubali? Sijui. Anaweza kusema amechelewa, na anaweza kukulaumu kwa miaka ile ya Kijerumani peke yake. Ikitokea, msikilize mpaka mwisho.

Miadi ya daktari wa ngozi huko najua huchukua muda, kwa hiyo piga simu kesho asubuhi, eleza kwamba ni doa linalobadilika. Halafu niandikie alichokwambia.

Wako,
Somo